Toroli ya mota kwa kazi za uwanjani: anza na kiwanja chako, duka baadaye

Wakuu, hii nawaandikia nyie mliojenga au mnaofanya kazi za bustani na pevingi kule Goba, Mbezi Juu, Kimara za Dar na sehemu zote ambazo kiwanja kina mteremko, toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) linamwaga mchanga chini barabarani na kuanzia hapo ni shingo na mgongo wa mtu. Toroli ya mota, yani ile inayosukumwa na mota ya betri au injini ya petroli badala ya mgongo wako, inasaidia sana hapo, nasema sana, ila wengi wanaingia dukani na swali moja tu, "hii ina hosipawa ngapi", wakati swali la kwanza linatakiwa liwe njia ya kupita ikoje. Mashine ya bei kali kwenye njia mbovu inakwama tu, na ya kawaida kwenye njia iliyotengenezwa vizuri inapiga kazi siku nzima. Kwa hiyo twende taratibu.

Hatua ya 1: jua uzito wa mzigo wako, usikisie

Chukua ndoo ya lita 20 ndio kipimo chako. Mchanga mkavu ndoo hiyo ni kama kilo 32, ukilowa mvua inasogea kilo 38 hivi, kokoto karibu na kilo 30, zege bichi ni kilo 48 na hapo ndo watu wengi wanapigwa, maana zege linaonekana dogo kwenye toroli kumbe ni zito kuliko vyote. Samadi iliyokauka ni nyepesi, unajaza mpaka juu na hamna shida yoyote.

Sasa toroli la kawaida lenye beseni la lita 65 ukilijaza mchanga mbichi unasukuma kama kilo 120, ndo maana kibarua mwenye akili halijazi. Mita moja ya ujazo ya mchanga ni ndoo 50, yani tani moja na nusu na zaidi, kwa toroli ya mota inayobeba kilo 150 hiyo ni safari kumi au kumi na moja, kwa mkono kwa kilo 60 au 70 za kweli mlimani ni zaidi ya ishirini. Fanya hesabu hiyo kabla hujatoa hela.

Kwa pevingi: zile za unene wa sentimita 6 mita moja ya mraba ni kama kilo 138, kwa hiyo uwanja mdogo tu wa mita 60 za mraba una tani nane zinazotakiwa kuhama kutoka getini, hapo bado mchanga wa chini yake. Tofali la inchi sita peke yake ni kilo 25 mpaka 30 na kitu. Na ukichimba shimo usisahau udongo unavimba, ukitoa mita moja ya ujazo ardhini unabeba kama mita moja na robo, kwa hiyo ongeza safari.

Hatua ya 2: pima mwinuko

Hii haina gharama na karibu kila mtu anairuka. Tafuta ubao ulionyooka wa mita moja na pima maji ya fundi. Laza ubao kwenye mteremko, ncha ya juu ikae chini kwenye udongo, ncha ya upande wa bondeni inyanyue mpaka povu la pima maji likae katikati, halafu pima kwa futi kamba kutoka ncha hiyo mpaka ardhini. Ukipata sentimita 15 mwinuko wako ni asilimia 15, hiyo ni kama nyuzi 8 na nusu. Sentimita 27 ni nyuzi 15, sentimita 36 ni nyuzi 20. Pima sehemu tatu nne za njia na chukua ile mbaya kuliko zote, kwa sababu mashine haikwami kwenye wastani, inakwama pale pale pabaya.

Maana yake kwenye nguvu ni hii. Mashine yenyewe kilo 50, mzigo kilo 150, jumla 200, mwinuko asilimia 15, mwendo wa kilomita 3 kwa saa ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, hapo kwenye tairi inatakiwa kama wati 320, na ukihesabu kinachopotea kwenye gia na cheni mota yako iwe wati 400 mpaka 500. Kwenye tambarare iliyoshindiliwa mzigo huo huo hauli hata theluthi ya nguvu hiyo. Kwa hiyo ukiona tangazo "inabeba kilo 500" jua wanazungumzia sakafu ngumu tena tambarare, wala sio korongo la nyuma ya kwako.

Hatua ya 3: chagua aina

Ya betri yenye tairi moja au mbili mbele. Hii ndo inafaa nyumba nyingi. Haina kelele, unaweza kufanya kazi Jumapili jirani amelala, unaingia nayo hata ndani ya karakana bila kuvuta moshi. Zipo za volti 24, 36 na 48. Ya tairi moja inageuka popote lakini ukilala upande mmoja inakwenda na wewe, na kilo 150 zikianza kulala huzishiki, achia tu mzigo umwagike na wewe ukae mbali. Ya tairi mbili inatulia zaidi ila inataka njia pana, na kwenye njia iliyoinama upande inainama nayo.

Ya petroli. Nyingi zina injini ya Honda GX160 ya sisi (cc) 163 au ndugu zake wa Kichina, ambazo spea zake zinapatikana kirahisi kwa sababu ndo injini hizo hizo za pampu za maji na vaibreta za kushindilia zege. Kama kazi ni ya kutwa nzima na umeme wa kuchajia ni wa mashaka, hii inakufaa. Kuna za matairi manne unatembea nyuma yake, na kuna zile za minyororo ya mpira kama kijiko kidogo cha kuchimbia ambazo zinapita kwenye tope na mteremko kuliko tairi yoyote. Za minyororo ni bei ndefu na minyororo yenyewe inalika haraka ukiipitisha kwenye kokoto kali na zege, mimi kwa kazi za nyumbani tu sikushauri, labda kama unafanya biashara ya bustani au unakaa sehemu ya tope la kweli.

Ya kubadilisha, yani toroli yako ya zamani unaifunga mota. Hii mafundi wengi wanaweza na inaweza kuwa nzuri kabisa, ila kuna mtego mmoja nataka niueleze vizuri. Watu wanachukua mota ya kwenye tairi la baiskeli ya umeme au skuta wanaifunga moja kwa moja, mota hiyo imetengenezwa kukimbia kilomita 20 au 25 kwa saa, ukiitembeza kilomita 3 na mzigo mlimani inavuta umeme mwingi na hauwi nguvu unakuwa joto, baada ya muda inatoa harufu ya kuungua. Halafu zile mota za baiskeli zenye gia ndani nyingi zina friwili, yani tairi linaweza kuzunguka mbele bila kuzungusha mota, maana yake hazina rivasi na hazisaidii kushika mzigo ukishuka, toroli linaserereka tu kama halina mota.

Kinachofanya kazi ni mota ya volti 24 yenye gia yake ya kupunguza mwendo, mfano zile MY1016Z za wati 250 au 350 zinazotumika kwenye baiskeli za umeme za bei nafuu, ambazo zinatoa mizunguko kama 300 kwa dakika. Hizo chukulia ni za kilo 100 hivi na mwinuko wa wastani, ukitaka kilo 150 kwenye ile asilimia 15 tuliyopiga hesabu tafuta kubwa zaidi. Tairi ya 4.00-8 ina mzunguko wa mita 1.28 hivi, ukitaka kilomita 4 kwa saa tairi izunguke mara 52 kwa dakika, kwa hiyo unapunguza tena mara sita kwa cheni, spoketi ya meno 9 kwenye mota na meno 54 kwenye tairi. Hapo mota inakimbia mwendo wake inaoupenda na tairi linakwenda taratibu na nguvu. Waya mnene, milimita 6 za mraba usibane hela, fyuzi ya ampia 30 karibu kabisa na betri, na swichi ya kuzimia ambayo mkono unaifikia bila kuachia mshikio. Fundi akikwambia fyuzi sio lazima tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 4: dukani, angalia hivi

Breki ya kuegesha ipo? Kwenye kiwanja cha mlima bila hiyo usinunue, hata kama bei inachekesha. Ukiachia mshikio mashine inasimama yenyewe au inaendelea? Lazima isimame. Rivasi ipo? Tairi saizi gani, maana tairi za 4.00-8 ni saizi ya bajaji nyingi, kwa hiyo tairi na tyubu utazikuta mpaka kijiweni, lakini saizi za ajabu ajabu utakuja kutafuta mji mzima. Chaja, kontrola (kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota) na betri vinauzwa peke yake au vikifa ndo basi?

Upana nao pima, mashine nyingi za tairi mbili zina sentimita 70 mpaka 80, na geti dogo la kuingilia watu kwa kawaida ni sentimita 90, inapita ila pale kwenye kona kati ya ukuta na tangi la maji ndo pa kwenda na futi kabla.

Na omba uijaribu ikiwa na mzigo. Mwenye duka atakuzungusha nayo tupu kwenye sakafu ya malumalu na kila kitu kinaonekana kitamu. Mwambie weka mifuko mitatu ya simenti, hizo ni kilo 150, tafuta hata mteremko wa kuingilia gari hapo nje, panda, simama katikati, halafu anza tena kupanda kutoka pale. Mashine dhaifu inajulikana hapo hapo, inapanda vizuri ikiwa na kasi yake lakini ikisimama haianzi tena.

Hatua ya 5: tengeneza njia

Hapa ndo kuna kazi, na ndo sehemu inayolipa kuliko zote. Toa mawe yote makubwa kuliko ngumi, jaza mashimo kwa kifusi, shindilia. Mchanga laini ndo adui mkubwa, tairi linazunguka pale pale linajichimbia, ukizidisha moto linazama zaidi mpaka ekseli inagusa chini. Dawa yake ni mbao za inchi mbili kwa nane zimelazwa, tandika kwa ncha kukutana na sio kupandana, na kama ni za tairi mbili weka mistari miwili na pigilia vipande vya kukatiza chini ili zisitawanyike. Baada ya mvua mbao zinateleza, mwagia mchanga kidogo juu.

Ngazi: daraja moja la sentimita 15 ukiwekea ubao wa mita moja unapata asilimia 15 ambayo tumeshaijadili, ubao wa mita moja na nusu unakuja asilimia 10 na maisha yanakuwa rahisi. Weka kiunzi chini katikati ya ubao usipinde. Pale juu mwisho wa mwinuko acha sehemu tambarare ya kutosha mashine nzima na wewe nyuma yake, usije ukalazimika kukata kona ukiwa bado unapanda.

Watoto, kuku, mbwa, kamba za kuanikia nguo, vyote viondoke njiani. Kamba ya nguo kwenye shingo ya mtu anayesukumwa na mashine sio mchezo.

Hatua ya 6: kupakia

Egesha tambarare, breki juu, mashine imezimwa. Mzigo mzito uweke chini na usawa wa ekseli au mbele yake kidogo, ukiweka nyuma karibu na mshikio mikono yako ndo inabeba na mota haikusaidii kitu. Ila usiende mbele kupita kiasi maana ukishuka inachomeka pua. Namna ya kujua: nyanyua mshikio ikiwa imejaa, uwe unanyanyuka kwa nguvu kidogo tu lakini ukiuachia urudi chini wenyewe.

Mifuko ya simenti ilaze sio isimame. Tofali zipange kwanza mstari wa chini. Zege usijaze zaidi ya nusu, hata kama mashine inaweza, linacheza kama uji na likiegemea upande mmoja kwenye kona linakuvuta. Jiwe kubwa usilinyanyue kuliingiza, tumia ubao na mtaimbo, livingirishe lipande lenyewe.

Na jamani, mota haishiki chepe. Kupakia kunabaki kwa mtu, kwa hiyo ukiwa na vibarua wawili mmoja anapakia mmoja anaendesha, mkiwa na toroli mbili moja inajazwa wakati nyingine iko njiani, hapo ndo utaona faida. Mtu mmoja na mashine moja faida yake ni mgongo kupona, muda haupungui kama unavyodhani.

Hatua ya 7: kuendesha

Viatu vya kufunika vidole, sio yeboyebo. Siku ya kwanza beba nusu mzigo kwanza uzoee.

Ondoka taratibu kwa kubonyeza aksereta kidogo kidogo, ukiminya yote inaruka na wewe unaburuzwa nyuma. Kwenye mwinuko chagua gia ndogo kabla hujaanza kupanda, sio katikati. Panda na kushuka wima, usikate mshazari, kukata mshazari ndo kunakolaza toroli. Kushuka usiweke nyutro hata sekunde moja ukitegemea breki, acha gia ishike. Uelekeo wa kushukia ukiwa umejaa soma kitabu cha mashine yako kwa sababu zinatofautiana, ila kwa zote mtu asisimame upande wa chini wa mzigo, hata yule anayejidai anakuzuilia kwa mikono, kilo 200 hazizuiliwi na mikono ya mtu.

Tairi likianza kuteleza acha aksereta, rudi nyuma nusu mita, weka ubao au kipande cha gunia mbele ya tairi, endelea. Ukisikia mshikio unatetemeka tofauti na kawaida simama uangalie, mara nyingi ni nati ya tairi au cheni imelegea na ukikaza muda huo ni kazi ya dakika moja tu.

Ya petroli usiiwashe ndani ya chumba au stoo iliyofungwa hata kidogo, moshi wake unaua bila harufu ya kukushtua. Na usiongeze mafuta injini ikiwa ya moto.

Hatua ya 8: kumwaga

Ukimwaga kwenye shimo au mtaro usiende mpaka ukingoni, kaa mbali angalau sawa na kina cha shimo, shimo la mita moja kaa mita moja, kisha malizia kwa chepe. Ukitaka kusogea karibu zaidi pigilia ubao mnene ardhini uwe kizuizi cha tairi. Fungua loki ya beseni ukiwa umesimama pembeni yake kidogo, vidole visiwe kati ya beseni na fremu. Mchanga mbichi unaganda, unabaki juu halafu unaporomoka wote kwa mkupuo na mashine inaruka, kwa hiyo kwangua kwa jembe kabla.

Hatua ya 9: matunzo

Betri. Kama ni za asidi, kawaida mbili za volti 12 zimeungwa kupata 24, usizitumie kupita nusu. Za ampia-saa 12 zina wati-saa 288 kwa jumla, nusu yake ni 144, kwa kazi ya tambarare hiyo ni kama saa moja ya mota kuzunguka, na kwa sababu muda mwingi unapakia na kumwaga unaweza kusogea asubuhi nzima. Mlimani ni nusu saa au chini. Chaji siku hiyo hiyo ukimaliza, betri ya asidi ikilala tupu wiki mbili tatu imekufa, na duka hawatakuelewa. Lithiamu ni ghali lakini unaitumia mpaka asilimia 80 bila kuiumiza na ni nyepesi. Umeme wa kuchaji usikutishe, hiyo seti ikiwa tupu kabisa haimalizi hata nusu uniti ya Luku.

Injini. Kwa GX160 oili ni kama lita 0.58, namba 10W-30, ya kwanza unamwaga baada ya saa 20 au mwezi mmoja, baada ya hapo kila saa 100 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Angalia kiwango kila asubuhi mashine ikiwa tambarare. Plagi nafasi yake milimita 0.7 mpaka 0.8. Chujio la hewa kitabu kinasema saa 50 lakini kwa vumbi la kiangazi la kwetu wewe fungua kila baada ya siku mbili za kazi, sponji oshe kwa maji ya sabuni, kausha, tia oili kidogo, kamua. Ukiiweka zaidi ya mwezi bila kuitumia mwaga petroli yote mpaka ya kwenye kabureta, isipofanyika hivyo itakaa na kuganda na utaanza kuvuta kamba mpaka mkono uume.

Tairi jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni, likiwa laini linakula betri. Cheni grisi, beringi grisi. Osha zege kabla halijakauka, kwa ndoo na brashi, usipige maji ya presha kwenye kontrola na soketi ya chaja.

Kununua au kukodi? Kama una uwanja mmoja wa kumaliza, kodi au changeni majirani watatu, wala usinunue. Kama unaishi kwa kazi ya bustani na pevingi nunua, chukua hela unayolipa vibarua wa kubeba tu kwa mwezi, gawa bei ya mashine kwa hiyo, ikitoka chini ya mwaka haina ubishi. Na ukinunua ya betri, jioni chomoa betri uingie nazo ndani, fremu ifunge kwa cheni kwenye nguzo, maana betri ndo kitu cha kwanza wanachokuja kuchukua.